Kila Mtu na Saa Yake

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Mume wangu husema kwangu hakuna haja ya kiberiti. Lakini hebu wewe uwe katibu wa umoja wa mtaa miaka tisa, halafu uje unieleze habari za upole. Kazi yangu ya kujipatia riziki ni fotokopi na kuchapa barua. Nina kibanda chenye mashine moja na kompyuta moja, katikati ya duka la dawa na karakana ya seremala. Siku waliyonichagua kuwa katibu hawakuangalia busara wala hekima, waliangalia ile mashine. Walijua matangazo yatachapwa bure.

Na kazi ya katibu, nikwambie ukweli, ni moja tu: kutafuta saa. Mengine yote ni madogo. Mtaa wetu una wakazi na una wenye biashara. Wakazi wanataka kikao Jumapili asubuhi, maana siku nyingine wako makazini. Wenye biashara, Jumapili ndiyo siku yao ya kuuza. Wao wanataka siku ya kazi, saa nane mchana, jua likiwa kali na wateja wamepungua. Sasa hapo unawakutanisha wapi, hewani?

Ukisema uwaulize mmoja mmoja, ndiyo kabisa. Unamwendea mtu kwa heshima zote, "Jirani, kikao kikiwa saa ngapi utakuja?" Anakujibu meno yote nje, "Saa yoyote dada, ninyi pangeni tu." Saa yoyote! Nimeshapanga saa yoyote mara ngapi, na huyo jirani nikamwona? Anaona haya kukwambia hapana, basi anakwambia ndiyo, anarudi zake ndani, wewe unabaki unaangaliana na viti vya plastiki.

Miaka yote hiyo nilikuwa napiga kelele nyumbani, mume wangu ananimiminia chai, yanaisha. Mwaka huu hayakuisha, kwa sababu yalimgusa wifi yangu.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu. Ndiye aliyemlea mume wangu baada ya wazazi wao kufariki. Hakuolewa, hakuzaa, anakaa nasi kwenye chumba cha uani, na ndiye mwalimu wa chekechea ya mtaa kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Mkali, jamani! Akiona kijiko hakikuoshwa vizuri anakirudisha kwenye beseni mbele ya wageni. Mwanzoni tulikuwa hatuivi kabisa chungu kimoja. Siku hizi tunataniana tu: yeye ananiita Wifi Karatasi, mimi namwita Jenerali. Ila ukimgusa nitakula sahani moja na wewe.

Chekechea yake iko kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi wa umoja. Ukumbi wenyewe ni mali ya manispaa, sisi tunautumia kwa kibali cha miaka mitatu mitatu. Kibali kikiisha lazima kikao kikae, wahudhurie na kutia saini wakazi wasiopungua ishirini na wenye biashara wasiopungua ishirini, ili manispaa waone kwamba mtaa mzima unauhitaji ukumbi. Kikao cha kwanza tuliitisha Jumapili: wakazi ishirini na sita, wenye biashara wanne. Cha pili tukaitisha Jumanne saa nane mchana: wenye biashara ishirini na mmoja, wakazi watatu, na katika hao watatu mmoja alisinzia mpaka akakoroma. Manispaa wakatuletea barua. Kikao cha tatu ndicho cha mwisho, kiwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mtu wao atakuja kushuhudia. Kikishindikana, ukumbi unafungwa, utakuwa ghala la meza na viti vyao vibovu.

Nilimsomea wifi barua ile jikoni, anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Ghala," alisema.

"Ndivyo walivyoandika."

"Haya. Basi nitapumzika."

Nitapumzika! Yule mtu hata akiwa na homa hapumziki. Akaendelea kuchambua mchele, na nikaona anatoa mawe na punje nzima nzima anazitupa pamoja nayo, yeye ambaye hajapoteza punje tangu nimjue. Niliogopa. Mtu hana mtoto wake, lakini kila asubuhi ana arobaini wa wenzake wanaomwita kwa sauti moja. Ukimwondolea wale, ukamkalisha uani na redio, mwaka hautaisha atakuwa amenyauka.

"Nitakwenda kuwaambia watu nyumba kwa nyumba," nikamwambia.

"Usithubutu. Sitaki kuombewa kama nimefiwa. Wanaotaka watakuja, wasiotaka wasiburutwe." Akachukua sinia lake akatoka. Jenerali ameshatoa amri.

Sasa mimi amri ya kutokuomba niliikubali. Amri ya kutokutumia akili sikupewa.

Mwenyekiti wetu ni mstaafu wa posta, mtu wa kanuni mpaka kwenye kucha. Tangu nichaguliwe ananilazimisha kuandika kwenye daftari la mahudhurio saa ambayo kila mtu ameingia, hadi dakika. Kwa miaka tisa nimekuwa nikilaani hilo daftari. Wiki ile nikalifungua kibandani, nikapitia kurasa zote, na Mungu wangu, kila kitu kilikuwa mle! Watu wa mtaa huu hawachelewi ovyo ovyo. Kila mtu ana kiwango chake na hakiachi. Mfamasia wa duka la dawa hufika kwa dakika ile ile uliyomwambia, miaka tisa mfululizo. Mama Pacha, jirani yangu mwenye mapacha, huchelewa saa mbili kamili. Seremala wangu wa pale karakanani, ambaye mtaa mzima tunamwita Bwana Kesho kwa sababu kila kitu chake kitakuwa tayari kesho (rafu yangu ya vitabu ilikuwa tayari kesho kwa miezi kumi na minne), yeye huchelewa saa tatu, hazipungui. Na kuna mzee mmoja mstaafu wa reli ambaye hutangulia saa nzima, anakaa mbele, analalamika kwamba tumechelewa.

Nikapiga hesabu. Nataka watu wote saa tano asubuhi. Basi Bwana Kesho nimwandikie saa mbili. Mama Pacha saa tatu. Mfamasia saa tano yake. Yule mzee wa reli, saa sita. Nikachapa vikaratasi hamsini, kila kimoja na jina lake na saa yake, nikavikunja ili mtu asisome cha mwenzake. Nilijisifu mwenyewe, nikajiambia mwanamke una akili wewe, ungekuwa waziri. Halafu nilipokuwa navikunja, moyo ukaniuma, nikachukua kalamu nikaongeza chini ya kila kimoja mstari mmoja kwa mkono: "Ni kuhusu chumba cha Mwalimu." Miaka yote matangazo yangu yalikuwa yanasema "Ajenda: masuala ya kibali cha jengo na mengineyo." Sikuomba, sikulia, niliandika tu jambo lenyewe.

Ule mstari ndio ulioniponza.

Jumamosi wifi aliondoka nyumbani mapema, akafungua ukumbi, akafagia, akapanga viti. Jumamosi huwa na watoto wa wenye maduka mpaka jioni, maana kwa wazazi wao ndiyo siku ya pirika. Mimi nilipofika na daftari langu, alikuwa anaingia chumba cha nyuma.

"Msipige makelele," alisema. "Mchana wadogo wanalala." Akafunga mlango. Hakuniuliza watakuja wangapi, na mimi sikumwambia.

Mwenyekiti alikuwa ameshakaa mezani na miwani yake. Yeye nilikuwa nimemwambia saa tano, lakini mwenyekiti wa posta hufika jua linapochomoza. Mtu wa manispaa naye akaja mapema, maana alitumwa ashinde nasi, mnene, mpole, kalamu tatu mfukoni. Nikawaambia tuna muda mwingi, nikaanza kuwamiminia chai.

Saa mbili kamili mlango ukafunguliwa. Bwana Kesho! Amenyoa ndevu, amevaa shati lililopigwa pasi, kikaratasi mkononi.

Buli lilinitoka mkononi, haki ya Mungu. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Seremala," akasema, "kuna msiba?"

"Nimeitwa saa mbili," alijibu Bwana Kesho. "Ni saa mbili."

Mwenyekiti alifurahi kupita kiasi. Miaka tisa anasubiri mtu wa mtaa huu afike kwa wakati, na leo kaletewa huyu! Akasimama, akagonga meza, akatangaza kwamba kikao kimefunguliwa rasmi saa mbili na dakika tano, mwenye neno juu ya chumba cha Mwalimu aseme. Nilitaka kumkatiza, lakini ningesema nini? Kwamba nimedanganya saa? Bwana Kesho alitazama kushoto na kulia, viti vitupu, basi akasema yeye. Alisema maneno yake machache, akatia saini, akarudi kwenye mbao zake. Mimi niliandika yote alivyoyasema, mkono unaandika na akili iko kwenye ukuta, kwenye ile saa.

Saa tatu kamili, Mama Pacha, pacha wake amewashika mkono, mmoja huku mwingine huku. Saa tatu na robo niliowaandikia saa tatu na robo. Tatu na nusu hivyo hivyo. Watu hawakuchelewa hata dakika moja! Wale wale wa miaka tisa! Kila mmoja anaingia, anakuta watu watatu au wanne, Mwenyekiti anamkaribisha kwa bashasha na kumpa nafasi ya kusema, anasema, anatia saini, anakaa kidogo, anatazama saa, anaondoka kwenda kufungua duka au kupika. Nilikuwa nimewapangia watu wote wakutane saa tano, na wao wananipitia mlangoni mmoja mmoja.

Saa tano, mfamasia akaingia kwa dakika yake. Ukumbini tulikuwa watu saba. Na kama vile mambo hayajaharibika vya kutosha, Bwana Kesho naye akarudi kuangalia tumefikia wapi. Akamkuta mfamasia anakunjua kikaratasi chake.

"Wewe umeandikiwa saa tano?" Bwana Kesho alimuuliza.

"Saa tano. Wewe?"

Wakaviweka mezani bega kwa bega. Nilitazama pembeni, nikajitia napanga kalamu.

"Katibu," Bwana Kesho aliniita. Alisema polepole, bila hasira, na ingekuwa heri angekasirika. "Kwa hiyo mimi kwako ni mtu wa saa tatu."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikasimama, nikasema yote: daftari, hesabu, vikaratasi, mzee wa reli na saa sita yake. Nilisema nimekosa. Mfamasia alikohoa kuficha kicheko. Bwana Kesho hakucheka.

"Nimeamka alfajiri," alisema, "nimeacha kitanda cha watu hakijapigwa msasa. Ungeniambia saa tano ningekuja saa tano. Kwa Mwalimu ningekuja hata saa tisa za usiku." Akakaa kwenye kiti, akafunga mikono kifuani.

Mtu wa manispaa alifunga jalada lake taratibu. "Jamani, mimi nawaonea huruma," akasema. "Lakini ninaona watu wanane. Sheria inataka arobaini."

"Saini ziko ishirini na tatu," nilisema, nikamsogezea daftari. "Wakazi kumi na mmoja, wenye biashara kumi na wawili."

"Ndiyo, dada yangu, lakini wameshaondoka. Kinatakiwa kikao kimoja."

Nilijiona nimemuua wifi yangu kwa mikono yangu. Kwa ujanja wangu mwenyewe! Laiti ningeandika saa ile ile kwa watu wote, wangekuja wote, wameshasema wenyewe. Mimi ndiye niliyewatawanya. Nilitamani kulia, na mimi si mtu wa kulia mbele ya mfamasia.

Hapo ndipo mzee wangu wa posta alipojikohoza. Alichomoa kitabu cha kanuni za umoja kutoka kwenye mfuko wa koti, akalamba kidole, akafungua.

"Kikao kimoja," alisema. "Sawa kabisa. Kikao kinaanza mwenyekiti anapogonga meza. Nimegonga saa mbili na dakika tano, umeshuhudia?"

"Nimeshuhudia."

"Kinakwisha mwenyekiti anapogonga mara ya pili. Nimegonga?"

Mtu wa manispaa alitazama meza, akatazama mkono wa Mwenyekiti. "Bado."

"Basi hiki ni kikao kimoja, nacho kinaendelea. Nionyeshe palipoandikwa kwamba mjumbe akishasema na kutia saini haruhusiwi kwenda kufungua duka lake."

Mtu wa manispaa aliomba kile kitabu. Akasoma ukurasa mzima, midomo inacheza. Akatoa na karatasi zake mwenyewe akazisoma pia. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Halafu yule bwana akatabasamu kidogo, akachomoa kalamu ya pili. "Haijaandikwa," alisema. "Ila mimi ofisi yangu inataka karatasi saa kumi na moja jioni. Na mwenyekiti usitoke kwenye hicho kiti."

"Mwanangu," Mwenyekiti alisema, "nimekaa dirisha la posta miaka thelathini na nne."

Nilikimbia kibandani bila kuaga. Nikachapa tangazo kwa herufi kubwa kuliko zote nilizonazo: KIKAO KIKO WAZI HADI JIONI. NJOO SAA YOYOTE. Nikabandika kwenye kila mlango, kila nguzo, hadi kwenye kioo cha kinyozi. Mnaona? Wao wenyewe wameniambia miaka tisa kwamba wataweza saa yoyote. Haya, saa yenyewe hii hapa.

Na walikuja, jamani. Mchana ule nilifurahi mpaka nikasahau kula. Muuguzi wa nyumba ya kona alitoka zamu ya hospitali akapitia na sare yake. Mama wa genge la mboga alikuja maji yanamchuruzika mikononi, akatia saini karatasi ikalowa. Mzee wa reli alifika mimi nikiwa bado nabandika, karibu saa nzima kabla ya kikaratasi chake kama kawaida yake, akalalamika kwamba tumeanza bila yeye, akakataa kuondoka. Alikaa mbele mpaka mwisho. Hakuna aliyegombana na mwenzake, maana ugomvi unataka watu wawili wanaotaka kusema kwa wakati mmoja, na hapa kila mtu alikuwa anasema peke yake. Mwenyekiti aliwasikiliza wote, kibofu kinamuua, hanyanyuki.

Saa kumi na nusu nikahesabu. Wakazi ishirini na wanne. Wenye biashara kumi na tisa.

"Nani amebaki?" Bwana Kesho aliniuliza. Alikuwa ameondoka na kurudi mara tatu siku ile bila kunisemesha, na hili ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu saa tano.

"Fundi simu," nikamjibu. "Yuko peke yake kibandani, simu za watu ziko wazi mezani, hawezi kuziacha."

Bwana Kesho alisimama akatoka. Baada ya dakika chache fundi simu akaingia mbio, bisibisi bado mkononi, anahema. "Ameniambia nenda, mimi nakaa," alisema. "Nimemwachia seremala simu za watu! Nipeni kalamu haraka kabla hajazipigia misumari." Tukacheka wote tumeziba midomo, hadi mtu wa manispaa. Fundi simu alisema lake, akatia saini, akarudi mbio.

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi Mwenyekiti aligonga meza mara ya pili. Mtu wa manispaa akasaini, akapiga muhuri, akatupa mkono sote. Mwenyekiti naye akapita mbio kwenda msalani, na sikumlaumu.

Nikachukua daftari, nikaenda kugonga mlango wa nyuma.

Watoto walikuwa wameshachukuliwa wote na kaka na dada zao, kwa mlango wa nje. Wifi alikuwa amesimama juu ya kiti kidogo cha mtoto, anabandua michoro ukutani. Upande mmoja wa chumba ulishakuwa mtupu, rangi ya ukuta imeachwa na viraka. Alama za vidole, nyumba zenye moshi, ng'ombe wa miguu sita, vyote ameviviringisha na kuvifunga mpira, na sanduku la chaki ameshalifunga kamba. Alifanya kazi vizuri, kwa utaratibu, kama anavyofanya kila kitu.

"Wifi, unafanya nini?"

"Siku nzima nilikuwa nasikiliza," alisema bila kugeuka. "Sikusikia hata mtu mmoja akipaza sauti. Ninyi mkikaa kumi tu mtaa mzima unajua. Basi nikajua hawakuja." Akabandua mchoro mwingine. "Si neno. Nilikwambia wasiburutwe."

Nikakaa chini kwenye mkeka wa watoto, nikafungua daftari, nikaanza kumsomea muhtasari tangu juu, maana hilo ndilo pekee nililoweza kufanya bila kulia.

"Saa mbili kamili, seremala. Amesema: 'Mwanangu wa tatu alifika miaka mitano hasemi neno. Nyumbani tulishaacha kumsemesha, tulikuwa tunaashiria tu kwa mikono. Mwalimu alikuwa anamuuliza habari za asubuhi kila siku na kungoja, kama mtu anayejua atajibiwa. Siku mtoto alipomjibu, mimi nilifunga karakana, nikaenda kukaa nje ya dirisha la chumba hiki nimsikie. Sikuingia. Nilikuwa na vumbi.'"

Nilikuwa nayasikia pamoja naye kwa mara ya kwanza. Asubuhi niliandika tu, sikusikia kitu. Nikakumbuka huyu ndiye niliyempa saa ya uongo.

Wifi aliacha mkono wake ukutani. Nikaendelea.

"Saa tatu kamili, Mama Pacha. Amesema: 'Mimi namwogopa Mwalimu, sifichi. Wanangu nao wanamwogopa. Lakini Jumapili wakiambiwa leo hakuna shule wanalia mpaka wanatapika.' Saa tano kamili, mfamasia. Amesema: 'Nina miaka ishirini nauza dawa. Watoto waliopita kwake nawajua, ndio wanaosoma karatasi ya dawa kwa bibi zao.' Saa saba na nusu, muuguzi. Amesema: 'Nikitoka zamu ya usiku nalala kuanzia saa nne mpaka saa nane. Usingizi huo ananipa yeye. Sijawahi kumwambia.'"

Nilisoma wote arobaini na wanne. Kwenye kikao cha kawaida pangekuwa na wapiga kelele wanne na waitikiaji arobaini, na hakuna ambalo lingebaki kwenye daftari. Wifi alishuka kwenye kiti kidogo, akakaa juu yake, magoti yamefika kifuani. Alikuwa analia wazi wazi, bila kujificha, na pua inamchuruzika, Jenerali mzima.

"Rudia pale pa seremala," alisema.

Nikarudia. Akaniambia rudia tena. Mara ya tatu nilipofika pale pa vumbi akatikisa kichwa.

"Mjinga yule," alisema. "Angeingia tu."

Akajifuta uso kwa kanga, akasimama, akaikunjua ile michoro. Tukaanza kuirudisha ukutani, yeye ananiambia upande huu juu, upande ule chini, usinibandikie ng'ombe kombo, Wifi Karatasi. Kufikia ukuta wa pili alikuwa ameshanigombeza mara nne, na moyo wangu ukatulia kabisa.

Halafu akauliza, "Na mimi umeniandika?"

"Wewe hukuhudhuria, ulikuwa huku nyuma."

"Mlango ulikuwa wa mbao, si wa chuma. Niandike."

Nikachukua kalamu, nikaenda mwisho wa orodha, baada ya fundi simu. "Nikuandikie umeingia saa ngapi?"

Alipiga pini kwenye kona ya mchoro, akarudi nyuma hatua moja kuangalia kama umenyooka.

"Huko chini siko," alisema. "Niandike juu ya seremala. Mimi ndiye niliyefungua mlango."

Juu ya Bwana Kesho hapakuwa na nafasi hata ya mstari. Nikaminya herufi, nikamwingiza pembeni, nikampa saa yake.